Nyuzi Mia Nne

...na tuliopo ni watano, kwanza mhadhiri aliyeegemea meza, pili mtahini wa nje, tatu mwanafunzi mwenzake binti anayetahiniwa, wanayemwita Kipimo kwa sababu haachi rula, nne binti mwenyewe aliyeshika kikombe, tano mimi, fundi wa tanuri daraja la kwanza, ingawa wao huniita Babu Moto, cheo ambacho hakimo katika barua yoyote... binti anakiinua kikombe usawa wa kifua, atakiachia mara tatu kwenye sakafu ya saruji, kikipona amefaulu, kikivunjika atarudia mwaka, na hana kingine, mtahini anauliza unga gani huu, zirkonia, anajibu, unga wa kauri ngumu, udongo wa kawaida haufui dafu mbele yake, miezi saba ya kusaga na kusubiri, kiliingia tanurini kikubwa kikatoka kimesinyaa kwa sehemu moja ya tano, Kipimo anasema kikipasuka tutanywea viganjani, mhadhiri anamwambia anyamaze... kilitoka bado moto, nilikishika kwa koleo, Jumanne, saa tisa na nusu, nilifungua mlango wa tanuri kwenye nyuzi joto mia nne, na sheria ni kungoja zishuke chini ya mia moja, hewa baridi ikiwahi kuingia chombo hupata ufa usioonekana kwa macho, mimi ndiye ninayewafundisha hayo, mwaka wa thelathini na moja sasa, kisha nikaandika kwenye daftari la tanuri, tisini, kwa wino, mkono huu uliochapwa bakora shuleni kwa kukosea tarehe... simu ilikuwa imelia, mume wa dada yangu, shemeji, njoo, dada yako anakutaja, na binti amesimama mlangoni anangoja kikombe chake, ningemwambia arudi kesho, basi, neno moja tu, lakini angeuliza kuna nini, Babu, na mimi mambo ya nyumbani siyatoi nje, nikaona heri nifungue... mtahini anataka kujua kama kilipoa ipasavyo, binti anacheka, ananionyesha kwa kidevu.

"Muulize Babu yule pale. Huyo hakosei hata nyuzi moja."

Wote wananitazama, nikiitikia kwa kichwa tu yamekwisha, labda hakina ufa, labda kitadunda kama mpira, na akifaulu nani atajua, nitajua mimi, na kisipopona atalala akidhani ni mikono yake, miezi saba akijilaumu mwenyewe kwa haraka yangu, hapana, kichomwe kingine, apewe muda, nitasema mia nne, si tisini, daftari ni la uongo, nimeliandika mimi, na bado amekishika usawa wa kifua, vidole havijalegea, wataniuliza kwa nini mtu kama wewe, nami nitajibu kama ilivyo, dada yangu alifariki Jumanne, saa kumi na dakika tano, nikiwa ndani ya basi.