Shahidi wa Chumba cha Pasi

Mtu ambaye picha yake imechapwa kwenye fulana za watoto wa watu alipiga goti mbele yangu, kwenye ngazi za kituo cha redio, akanifunga kamba ya kiatu. Hakuna aliyemwomba. Aliiona ikiburuta, akasema, "Utaanguka, mama," akavua miwani yake myeusi, akaichomeka kwenye kola ya koti lake la ngozi, akakaza fundo mara mbili kama anavyofungwa mtoto wa shule. Anakaribia miaka sabini, na bado wasichana wa mapokezi walikuwa wakimchungulia. Nilimshukuru. Ningekuwa na moyo wa namna gani nisimshukuru?

Mjukuu wangu wa kike alikuwa amesimama nyuma yake, begi la gitaa la besi mgongoni, akinitazama kana kwamba anasema, umeona? Bendi ya mzee huyo ilikuwa imemchagua yeye kati ya vijana thelathini, na Jumamosi angepanda nao jukwaani kwa mara ya kwanza. Tangu afiwe na mama yake, yaani binti yangu, sikuwahi kumsikia akicheka peke yake chumbani hadi siku aliyopigiwa simu ile. Nakumbuka niliweka sufuria chini polepole, nisije nikamkatiza.

Na mimi nilikuwa nimekuja kutoa ushahidi dhidi ya mtu aliyempigia simu.

Aliyeniomba ni rafiki yangu Redio. Jina hilo tulimpa kiwandani, miaka arobaini na mitatu iliyopita, kwa sababu aliimba kutwa nzima na hakuwa na kitufe cha kumzimia. Tulikuwa tukipiga pasi sare za wauguzi. Mashine ilikuwa na ubao wa chini na ubao wa juu. Ukikanyaga, wa juu unashuka, mvuke unafumka, na inakubidi urudishe uso nyuma, ufunge mdomo na usubiri. Redio alitunga nyimbo zake humo humo kazini, kwa hiyo kila mstari wa pili ulikatika hewani, ukanyamaza, kisha akaudaka tena mvuke ukishatawanyika. Wimbo mmoja aliutunga kwa ajili ya mwanawe mdogo aliyekuwa akiumwa kifua. Aliuimba miezi minne, hadi wiki tuliyomzika mtoto. Baada ya hapo hakuuimba tena.

Kijana aliyepakia mabunda ya sare, mwembamba, tukimwita Kijiti, alikuwa na kawaida ya kuegemea mlangoni na kusikiliza. Mwaka uliofuata aliacha kazi, akaunda bendi hii ya roki, na wimbo wa mtoto ukatoka ukiwa na magitaa ya umeme na maneno ya mapenzi. Kimya kile cha mvuke kilibaki mahali pake. Wajuzi wa muziki wameandika kwamba kimya kile ndicho ufundi wenyewe.

Redio alilalamika mara moja tu, tukivua aproni. Alisema, "Ameuiba, halafu ameuimba vizuri kuliko mimi. Hapo ndipo panaponiuma." Hakutaja tena mpaka mwaka huu, alipomsikia mtangazaji akiwaalika wasikilizaji wenye habari za nyimbo za zamani. Akapiga simu. Hakutaka chochote isipokuwa Kijiti aseme, kwa mdomo wake, kwamba wimbo ule ni wa mwanawe.

Nyumbani mjukuu wangu aliamini kwamba Redio, bibi wa watu, amechanganyikiwa, na mimi sikumsahihisha. Na pale kwenye ngazi, alipokwisha kunifunga kiatu, kiongozi wa bendi aliniambia binti huyu ana mkono mzuri na kwamba Jumamosi anataka asimame kushoto kwake. Hakunitisha. Angenitisha, ningejua la kufanya.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye sponji ukutani na meza ya duara. Mtangazaji, kijana mwenye adabu, alitumiminia maji, akamvutia Redio maikrofoni ili asihangaike kuinama. Nyuma ya kioo alikaa fundi mitambo, na kando yake mjukuu wangu. Taa nyekundu ikawaka. Mtangazaji alianzia mbali. Alisema bendi kubwa za roki za zamani zilichota nyimbo nyingi kwa watu waliopiga gitaa vibarazani mwao, wengine wakafa bila kutajwa. Akauliza, je, aliyeazima bila kusema, bado tumwite mkali wa muziki?

Kiongozi wa bendi alicheka, na mtangazaji akajikuta anacheka naye. Alisema hajaona mwanamuziki aliyezaliwa na nyimbo zake tumboni. Wote wanachota, naye amechota sana. Ila huu aliupata mwenyewe, asubuhi moja, akinyoa ndevu.

Redio alieleza yote bila kupandisha sauti: mashine, mvuke, mtoto. Alimwita Kijiti, na mtangazaji akaficha tabasamu. Kisha akaimba. Sauti yake imechakaa, ikakwama kwenye mstari wa tatu. Fundi mitambo aliinamisha kichwa, nadhani kwa heshima. Mjukuu wangu alikuwa akiuma midomo asicheke.

"Umeimba vizuri, mama," kiongozi alisema kwa upole. "Wimbo ukipendwa sana, kila mtu anaukumbuka kama wake. Hainiudhi. Pengine ulitusikia sisi tukifanya mazoezi."

"Mwanangu alizikwa kabla hujanunua gitaa."

"Pole sana, mama," akasema, akamshika mkono.

Mtangazaji akanigeukia. Alisema wasikilizaji wananisubiri mimi, kwa kuwa, ukiwaacha hao wawili, ndimi pekee niliyebaki kati ya waliokuwa katika chumba kile cha pasi. "Bibi, nani aliuimba kwanza?"

Kupitia kioo nilimwona mjukuu wangu amelikumbatia begi la gitaa, kidevu amekiegemeza juu yake. Redio hata hakunitazama. Alikuwa ametulia, kama mtu aliyeomba asogezewe chumvi, akijua ataipata.

"Kulikuwa na kelele nyingi," nikasema. "Mashine zile. Sikumbuki."

"Hukumbuki, au hukusikia?"

Nilifungua mdomo. Redio akaniwahi. Aliweka kiganja chake juu ya goti langu, chini ya meza.

"Mwache," akamwambia mtangazaji. "Ni kweli asemavyo. Mashine yake ilikuwa mbali na yangu. Asingeweza kusikia."

Kati ya mashine zetu zilikuwa hatua mbili.

Ukumbini mjukuu wangu alinikumbatia, kisha akamwinamia Redio na kumsemesha polepole, kwa sauti ya juu, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Alimwambia asione aibu, umri ukienda mambo huchanganyika. Redio alinitazama. Mimi nilikuwa natafuta leso mkobani.

"Labda, mjukuu wangu," akasema. "Labda."

Kiongozi alisema atatupeleka nyumbani. Gari lilijaa vyombo vya muziki, nafasi zilikuwa mbili tu, na Redio alishasema angependa kunyoosha miguu. Kiongozi alinishika kiwiko, akaniketisha mbele, akanifunga mkanda. Mjukuu wangu alikuwa bado nyuma akipakia gitaa.

"Alikuwa akinibakizia chakula kiwandani, yule," kiongozi alisema, akitazama usukani. "Kila siku. Asante, mama."

Mjukuu wangu aliingia, mlango ukafungwa, gari likaanza kuondoka. Ndipo nilipomwona Redio kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa ametoka mlangoni kwa haraka, anachechemea, mkono mmoja umeshika shali yangu niliyoisahau kitini, mwingine ameuinua juu.

"Bibi," mjukuu wangu akauliza, "rafiki yako anakuita?"

"Anatuaga," nikasema. "Twende."