Posa ya Kwanza Hufunga Mlango

Mwalimu wa darasa letu la Kiingereza la watu wazima, Nziza, alikulia Uganda, na akishika chaki hana huruma. Jumatatu asubuhi aliandika ubaoni neno moja: preempt.

“Ni kumtangulia mtu,” akasema. “Unajua atafanya nini, basi wewe unafanya lako kwanza, lake linakosa nafasi. Kila mtu anipe mfano!”

Igihozo, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, akasema yeye huwahi ufukweni akanunua ndoo zote kabla wenzake hawajaamka. Wote tukacheka. Mimi mfano sikuwa nao. Kichwani nilikuwa na Jumapili tu.

Jumapili watu wa Kigali walikuwa wanakuja kuniposa kwa ajili ya kijana wao, mtu nisiyemjua hata viatu. Na mimi nampenda Twahir, dereva wa pikipiki. Miaka mitatu ananiambia, “Ngoja kwanza nimalize paa.” Paa gani hilo lisiloisha, jamani!

Hapo ndipo nilipokumbuka. Sisi Waislamu haturuhusiwi kuposa juu ya posa ya mwenzetu. Aliyetangulia akipokelewa, wa pili anarudi kwao.

“Rayhana, mfano wako?” Nziza akauliza.

“Naenda kuuleta!” nikasema, nikatoka mbio.

Twahir nilimkuta karibu na mpaka, anangoja abiria.

“We Twahir! Jumapili wanakuja kuniposa.”

“Nani?”

“Watu wenye paa!”

“Mi niko tayari, Rayhana. Lakini mutu wa kunisemea ni baba mudogo, na iko Rugerero, iko nalima.”

“Na hii piki ni pambo? Washa!”

Tulimtoa mzee Ndayisaba katikati ya viazi, jembe mkononi. Tukapanda watatu, Mungu atusamehe na polisi pia. Karibu na nyumbani nikashuka, nikapita uani, chini ya dirisha la sebule, hadi jikoni, kwa sababu binti hafiki na wanaokuja kumposa. Nikashika kisu, nikajifanya nakata vitunguu.

Sebuleni mzee Ndayisaba alisema maneno yake, matope hadi magotini. Baba yangu, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, akamsikiliza hadi mwisho.

“Rayhana!” akaita. “Vua hiyo kofia ya piki, utuletee chai.”

Ya Rabi! Nilikuwa nayo kichwani muda wote.

Nikaingia na birika, macho chini.

“Bon, haya,” Baba akasema. “Nimepokea posa yenu. Wale wa Kigali walitaka kuja wiki iliyopita. Mi ndiye niliwasukuma mpaka Jumapili, nikatangaza nyumba nzima isikie.”

Nikaliweka birika chini. “Baba, ulikuwa unajua?”

“Miaka mitatu najua. Nilikuwa nangoja mumoja wenu achoke kungoja.” Akachukua kikombe. “Mutu ambaye binti yangu anamukimbilia hivi, mi nitamukatalia kwa uso gani?”