Jitu Lililopiga Hodi

Fundi bomba alimwogopa mama mkwe wake. Si kwamba mama yule alikuwa mkali. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomtisha. Siku ya kwanza walipokutana alimtazama vidole, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Umenawa, mwanangu?" Tangu hapo kila mama alipokuja kumtembelea bintiye, fundi alikuwa akinawa hata akitoka kuoga, na mazungumzo yao hayakuvuka shikamoo, marahaba na hali ya mabomba.

Safari hii mama alikuja siku ya mchezo. Jumamosi alasiri, fundi, mkewe, mfamasia wa duka la dawa la pale mtaani na jirani yao kinyozi hukaa sebuleni kuizunguka meza na kucheza mchezo wa kuigiza. Kila mmoja ana mhusika wake. Mfamasia ndiye msimulizi: huwaambia wamefika wapi na nini kinawajia. Jambo likiwa gumu, hurushwa dadu yenye pande ishirini. Ukipata namba kubwa umefaulu. Ukipata ndogo, pole yako. Mchezo wenyewe waliutoa kwenye katuni ya mtandaoni waliyoipenda kupita kiasi, *Ngome ya Chumvi*, inayotoka kipande kimoja kila Ijumaa.

Siku hiyo kinyozi hakuja. Jino lilikuwa limemvimbisha shavu.

"Bila Jitu hatuingii ngomeni," alilalamika mfamasia. Jitu Mvunja-Milango ndilo lililokuwa mhusika wa kinyozi.

"Mama atalicheza," mke akasema. "Katuni yote ameimaliza kwenye simu yangu."

Fundi alipaliwa na mate.

"Leo tunammaliza Jemadari Kovu," alisema alipopata pumzi, akimtazama mfamasia ili asimtazame mama. "Msaliti yule! Kauza lango kwa adui."

"Kauza, sikatai," mama akasema huku akipangusa miwani. "Lakini nyie mmemsoma muda mrefu. Mmewahi kumwona ameketi?"

Wakatazamana.

"Kwenye vikao wenzake wameketi, yeye kasimama mlangoni. Karamu ya ushindi alioupigania mwenyewe, kasimama. Mtu mzima, na jeraha lile la vitani, hakuna hata mmoja aliyemvutia kiti."

Mfamasia akatoa simu, akaipandisha katuni, akaishusha. "Mungu wangu," akasema. "Kweli hajaketi."

"Hiyo si sababu ya kuuza lango!" fundi akaropoka, akajishtukia.

"Sikusema ni sababu, mwanangu. Nimesema hana kiti."

Mchezo ukaanza. "Mko mbele ya lango la chuma," mfamasia akasimulia kwa sauti ya kutisha. "Ndani kuna walinzi wenye mashoka. Jitu, unafanya nini?"

"Napiga hodi."

"Mama, Jitu huwa linavunja."

"Nyumba ya mtu? Napiga hodi."

Mfamasia hakuwa amejiandaa kwa hodi. Akampa dadu. Mama akairusha kama anayetupa ganda la ndizi, nayo ikatulia kwenye ishirini.

"Walinzi wanasema..." Mfamasia akakohoa. "Wanasema karibuni."

Wakaingia. Jemadari alikuwa dirishani, amewapa mgongo. Fundi, aliyeigiza shujaa aitwaye Mkuki Mmoja, akaruka kitini. "Namvamia!"

"Namshika mkanda," mama akasema.

"Niachie!"

"Sikuachii."

"Wewe Jitu, nyamaza! Huna akili hata kidogo!"

Mke, aliyekuwa analeta vikombe, alisimama mlangoni akafumba macho. Mkwe gani humwambia mama mkwe nyamaza?

Mama akajinyoosha taratibu. "Sinyamazi," akasema, na sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya kutoka shimoni. "Nilikuwa nabomoa milango kabla babu yako hajaota meno. Keti chini, kijiti wewe!"

Kisha akaangua kicheko, miwani ikamdondoka. Fundi naye akacheka, kwanza kwa woga, halafu kwelikweli, mpaka akashika mbavu.

Jitu likamvutia Jemadari kiti. Safari hii dadu ikatoa mbili.

"Kiti kimevunjika," mfamasia akasema kwa huruma. "Jemadari kaanguka mbele ya walinzi wake. Anadhani mmemfanyia makusudi. Anachomoa upanga, analielekea Jitu."

"Najitupa mbele ya Jitu!" fundi akasema bila kufikiri.

Akarusha dadu. Tatu.

"Upanga umempata. Mkuki Mmoja amekufa."

Mama akasimama. "Hafi."

"Mama, dadu imesema."

"Dadu ni plastiki. Huyu ni mkwe wangu."

Mfamasia alikuwa mtu ambaye kila siku aliwakatalia watu dawa wasizoandikiwa, wakalia, wakatukana, naye asitikisike. Mbele ya mama alitikisika. "Basi, atapona," akasema. "Ila mguu hautakuwa kama zamani."

Jitu likambeba shujaa mgongoni, likatoka naye. Dada anayemsaidia mfamasia dukani, pale kwenye dirisha la dawa, angeshangaa kumwona bosi wake akifuta machozi kwa ajili ya hilo.

Asubuhi yake fundi alimkuta mama jikoni. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mguu?"

"Unavuta kidogo, hasa kwenye baridi."

"Ukande na maji ya moto," mama akasema, akamsogezea chai.

Kinyozi alirudi bila jino, akaambiwa Jitu lake limepiga hodi. "Jitu langu? Sasa nani ataliogopa?" akafoka. Alidai arudishiwe, mama akakataa katakata. Mwishowe walimpa mhusika mpya, mdogo wake Jitu, na mama akamtuma abebe mizigo.

Mama alipaswa kuondoka Jumatatu. Ijumaa bado alikuwapo, ameinama na fundi juu ya simu moja kusoma kipande kipya. Humo, Jemadari Kovu alichoma ghala la chakula.

"Mjinga huyu!" mama akapiga kelele. "Chakula cha watoto! Auawe!"

"Mama, taratibu," fundi akasema. "Tusikilize kwanza upande wake."

"Upande gani? Kijiti wewe, unamtetea mchoma ghala?"

Mke akawauliza mara mbili kuhusu tiketi ya basi. Hakuna aliyemjibu. Akachukua simu yake akapiga kituoni, akaomba safari isogezwe mbele wiki moja.