Kitanda cha Pili Melini

Niliota, usiku wa jana, kwamba nimekwenda kwa wakala wa safari kukata tiketi ya meli ya kitalii, na nyuma ya meza alikuwa amekaa meli mwenyewe, kavaa miwani.

Nilitaka kitu kimoja tu: wiki nzima baharini, peke yangu. Kazi yangu ni kupima maji maabarani, Dodoma, na kila jioni Shangazi Asimwe hunipigia simu kuuliza nitaolewa lini. Nilikuwa nimesoma kwamba baharini simu hazishiki.

"Chumba cha ndani au chenye dirisha?" meli akauliza.

"Chenye dirisha."

Dirisha akaingia na mkoba wake, akaniamkia. "Shikamoo, dada. Nikwambie mapema, mimi bahari hunichefua."

"Marahaba. Utazoea."

"Ila chumba ni cha watu wawili," meli akasema. "Anayekwenda peke yake hulipia wawili."

"Nikimlipia huyo wa pili, yeye yuko wapi?"

"Anakuja."

Nalipa. Mlango unafunguka, anaingia mwanamume mpole, mswaki wa kijani mkononi. Uso hana.

"Mimi hulala upande wa ukutani," anasema.

Nageuka kumlalamikia meli, kumbe tumo jikoni kwa shangazi, Bukoba, na sakafu inayumba. Shangazi anamenya ndizi. Mabegani ana tepe za kapteni.

"Koku mwanangu! Hatimaye!"

"Shangazi, huyu amekuja na bei ya chumba."

"Wote huja na bei. Endelea."

"Hana uso."

"Mume wangu alikuwa nao, ulinisaidia nini? Simameni hapa. Kapteni ana ruhusa ya kufungisha ndoa."

"Simtaki. Namrudisha."

Meli akachungulia kupitia kwa dirisha, ambaye alikuwa ameanza kutapika. "Kilicholipiwa hakirudishwi," akasema. "Wala hapewi mtu mwingine."

Nikalifikiria jambo hilo kama ninavyofikiria sampuli. Masharti yalimkataza yeye kurudishwa. Mimi hayakunikataza kushuka.

"Basi nashuka mimi."

Nafungua mlango wa uani, naingia majini. Maji yananifika kwenye vifundo vya miguu. Nyuma yangu namsikia meli akimwambia yule bwana, "Sasa uko peke yako. Lipia wawili."

Bwana anatoa pochi, analipa bila kubishana.

"Huyo wa pili yuko wapi?" anauliza.

"Anakuja."

Wote wananigeukia, hata asiye na uso. Shangazi anapiga vigelegele, kisu bado mkononi. Nataka kukimbia, lakini miguu yangu imeshaanza kurudi jikoni, taratibu, kama kitu kilicholipiwa.

Nikaamka. Nilikuwa kitandani kwangu, Dodoma, katikati kabisa ya godoro, ninavyolala siku zote. Nikaenda bafuni kunawa uso.

Naishi peke yangu. Nina mswaki mmoja, mwekundu. Kwenye bilauri ilikuwamo miwili, na ule wa kijani ulikuwa umelowa.

Niliulamba kwenye ncha. Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo; kiasi chake nakijua, maana nakipima mwenyewe. Hii haikuwa chumvi ya kisima.