Tangawizi ya Nakiete

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mlangoni mwa mtandao. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya bluu hadi nusu, kama milango ya shule yetu huku milimani Same. Mlinzi alikuwa kifutio cha ubao. Alivaa tai, na kila aliposema neno alikohoa vumbi la chaki.

"Mwalimu Namsifu," akasema, "unatafuta nini?"

"Zana ya kufundishia kusoma. Darasa la pili."

"Watoto wangapi?"

"Mmoja. Anaitwa Nakiete."

Nikamweleza yote, maana ndotoni mtu haoni haya kumweleza kifutio shida zake. Asubuhi mwalimu mkuu atawasikiliza watoto wakisoma, na asiyeweza atarudishwa darasa la kwanza. Nakiete anakariri ukurasa mzima akiusikia mara moja tu, lakini ukimwonyesha neno moja peke yake anabaki kuangalia kidole chako. Nampenda sana mtoto huyu, na jana nimeperuzi simu hadi macho yakaniuma.

Kifutio akakohoa. "Ingia. Ila ukichukua, na wewe uweke. Na kila kinachowekwa, aliyekitengeneza aandike jina lake kwa mkono wake."

Ndani, chati za herufi zimekaa kwenye mabenchi zikisubiri kuitwa, kama wagonjwa zahanati. Nachagua moja yenye rangi nzuri, naishika mkono, tunarudi mlangoni. Haipiti.

"Mimi ni faili kubwa," inasema.

"Vuta tumbo ndani."

Inavuta. Haipiti. Mwisho tufaha jekundu lililochorwa kwenye herufi T linachoka kungoja, linashuka na sanduku lake la safari.

"Twende sisi wawili," linasema. "T ya tufaha. Nimefundisha dunia nzima."

Nakiete yupo pembeni yangu. Sijui amefika saa ngapi. Amevaa sweta yake ya shule, ile iliyotoboka kiwiko, na analitazama tufaha kwa adabu zote.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, kwani wewe ni nani?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," linasema, na linaanza kulia. Nakiete analifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Hapo bando likaisha. Sakafu ikakatika, tukaanguka wote pole pole hadi kwenye shamba la tangawizi la bibi yake Nakiete. Kifutio naye akaanguka. Akasimama, akakung'uta tai.

"Mmetoka na tufaha," akasema. "Wekeni kitu."

"Sina kitu," nikamwambia, na kweli sikuwa nacho.

Nakiete hakutusikiliza. Alikuwa ameshang'oa tangawizi moja, anaikung'uta udongo. "Hii naijua," akasema. "Bibi anasema ina vidole kama vyake."

Kifutio akageuka bila kuombwa, akampa mgongo wake wa mbao. Nakiete akaichora pale kwa chaki, vidole vyote. Kisha akaanza kulitamka jina la tangawizi taratibu, akijisikiliza. Ta. Akaandika. Nga. Akaandika. Wi, akakunja uso kama anayejitoa mwiba. Zi. Halafu akarudi mwanzo, akaweka kidole chake mwenyewe chini ya neno, akalisoma.

Nililia. Tufaha likanipa leso kutoka kwenye sanduku.

"Jina la aliyetengeneza," kifutio akasema kwa upole.

Nikanyoosha mkono nimshike wake.

"Kwa mkono wake, Mwalimu."

Nikaurudisha mkono wangu. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijafanya kazi ngumu kama ile. Nakiete akaandika jina lake, herufi zote zipo, ila K imegeuka, imewapa wenzake mgongo.

"Niifute?" kifutio akauliza.

"Thubutu!" nikasema. "Tutakosana mimi na wewe."

Nikaamka kwa sauti yangu mwenyewe. Kulikuwa kumepambazuka. Nikavuta simu. Kwenye kundi letu la walimu kulikuwa na ujumbe wa Mwalimu Mbonea, mama mmoja wa Nachingwea ambaye sijawahi kuonana naye.

"Asante sana kwa picha ya tangawizi, dada Namsifu. Leo leo naifundishia. Nimecheka ulivyoipiga mgongoni mwa kifutio! Ila mwenzangu, huyu Nakiete ni nani, na mbona K yake inaangalia nyuma?"

Mimi sikutuma kitu. Nilikuwa nimelala.

Nikamjibu: "Ni mwanafunzi wangu. Anajua kusoma."

Kisha nikaanza kutafuta viatu, niwahi kumwambia Nakiete mwenyewe kabla mwalimu mkuu hajafika.