Mmea au Mnyama

Siri ya Chelangat ilikaa miezi minane bila kunuka, na ingekaa zaidi kama watu wa forodha wasingetaka kujua mzigo wake waupe namba gani.

Mzigo wenyewe ulikuwa magunia matatu ya punje kavu za kijivu, ambazo ukizisugua kiganjani hutoa wekundu wa damu. Yeye na wenzake kumi na mmoja wa Gilgil walizikwangua kwa vijiko kwenye mipungate, miiba ikiwachoma miezi minane, kwa ajili ya mnunuzi wa rangi aliye ng'ambo. Wenzake waliziita ukungu. Kwenye mmea hukaa kama pamba nyeupe, hazitembei, haziruki. Nani angezidhania uhai? Chelangat pekee, mwenyekiti wao, ndiye aliyejua kuwa ni wadudu. Alinyamaza kwa sababu wote ni watu wa Sabato, na Mambo ya Walawi hawayasomi wakisinzia: kitambaacho ni najisi, na anayebeba mzoga wake ni najisi hadi jioni. Angesema, nani angeshika kijiko?

Kwenye fomu aliandika kwa mkono wake: rangi ya mmea.

Sasa alikuwa Nakuru, mbele ya meza ya afisa aitwaye Fancy. Kando yake alikaa Mama Nanyama, mkubwa wa kikundi kwa umri na shemasi wa kanisa, aliyekuja kuwa shahidi.

"Huku kwetu kila kitu kina namba yake," Fancy alisema. "Gome lina yake, mizizi ina yake, hata mzoga unayo. Hii yenu ni ya mmea ama ya mnyama?"

"Mmea," Nanyama akadakia. "Ni ukungu wa mpungate, binti yangu. Mimi mwenyewe naukwangua."

"Shosho, wacha mwenyekiti ajibu. Ama wewe ndio umempindua?"

Nanyama akacheka. Chelangat hakucheka.

Fancy akamimina maji ya moto kwenye glasi, akatia punje chache. Maji yakaingia wekundu. Punje zikavimba polepole, pete zikajitokeza migongoni, na chini ya tumbo la moja ikaonekana miguu myembamba, sita.

"Mdudu ameanguka humo," Nanyama akasema. "Chela, mwambie achukue zingine."

Fancy akachukua zingine. Hizo nazo zikaota miguu. Nanyama akaacha kucheka.

"Sikiza, mathe," Fancy akamwambia Chelangat, sauti imeshuka. "Ukisema mnyama, nafuta hii fomu, daktari wa mifugo anakagua, mzigo unaenda. Ukishikilia mmea, napeleka maabara. Wakiona hii miguu, magunia yanachomwa na wewe unaenda kortini. Mimi sikulazimishi."

Chelangat akaikodolea macho ile glasi. Aliijua rangi ile. Robo ya mwaka iliyopita, siku ya Meza ya Bwana, maji ya zabibu yalipungua. Nanyama akayaongeza maji ya kawaida, na yalipofifia akatia kijiko cha ukungu, akakoroga huku akiimba. Chelangat alikuwa mlangoni pa jiko la kanisa. Alimwona. Neno moja tu lingetosha. Kabla ya hapo, kwenye kuoshana miguu, Nanyama alikuwa amempigia magoti na beseni lake, akamwosha hadi kati ya vidole kama anavyooshwa mtoto mchanga.

Akisema mmea, siri ya kwamba alijua ingeungua na magunia. Lakini ingeungua na miezi minane ya mikono ya watu.

"Mnyama," akasema. "Ni wadudu. Nilijua."

Fancy akaandika. Nanyama hakupaza sauti.

"Ulijua lini?"

"Tangu mwanzo."

"Hata siku ya Meza?"

"Hata siku hiyo."

"Ukaniona nikikoroga?"

"Nilikuona, Mama."

"Na ukanywa." Nanyama akajifuta viganja kwenye sketi, akafuta tena, akafuta tena. "Ukaniwacha niwanyweshe watu wa Mungu mizoga, na wewe ukanywa."

Nanyama alirudi Gilgil peke yake.

Mzigo ulisafiri. Mnunuzi akaupenda, akataka mara mbili yake. Lakini Jumatatu iliyofuata Chelangat alifungua mlango akakuta vijiko kumi na kimoja vimepangwa kizingitini, vimeoshwa. Nanyama alikuwa ameshajivua ushemasi. Mipungate ikavaa pamba nyeupe hadi ikainama, na aliyeikwangua alikuwa mmoja.

Robo mpya ikafika. Kabla ya Meza, wanawake wakachukua mabeseni na taulo, wakachaguana wawili wawili. Chelangat akavua viatu, akakaa kwenye benchi, beseni lake mbele yake. Shemasi mpya akampita. Nanyama, kwenye kona ya nyuma, alikuwa akioshwa na mtu mwingine, macho ameyafumba.

Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Maji yakapoa.

Mwishowe Chelangat akainama, akajiosha mwenyewe, na kutoka kwenye kucha zake maji yakaanza kuingia wekundu.