Vibua vya Zamu ya Asubuhi

Shigeno alikuwa ndiyo kwanza ametua kikapu chake cha vibua vya kuuza mbele ya safu ya tatu ya nyumba za wachimbaji, king'ora cha mgodi kikalia mara tatu, kikanyamaza. Mara tatu ni paa la huko chini limeanguka.

Hakufikiri alichofanya. Alivuta turubai akawafunika samaki. Nyumba yenye msiba haili samaki siku arobaini na tisa, na zamu nzima ya asubuhi ilikuwa chini, Kisaku mdogo wake akiwemo.

"Wee Shigeno, unafunika nini?" Orie, ambaye mumewe alikuwa huko huko chini, alitoka na povu la sabuni mikononi. "Nani kafa hapa?"

"Hakuna, dada. Nilidhani tu..."

"Ulidhani nini? Fungua. Nipe viwili, vilivyonona. Mume wangu akipanda na njaa utamlisha hilo turubai?"

Wanawake wengine wakaja mbio. Hakuna aliyetaka kuonekana hakununua, kana kwamba ameshafiwa.

"Na mimi nipe."

"Kichwa usitupe, baba watoto anakipenda."

Kisu cha Shigeno kilipasua vibua huku miguu ikimvuta kwenda mgodini. Alijikata kidole, asihisi.

"Mbona huiti?" Orie akamwuliza. "Kila siku unatutoboa masikio, leo umekuwa bubu?"

Basi akaita. "Vibua! Vibua vya leo!" Sauti ilitoka nyembamba. Akabeba kikapu mgongoni, akateremka njia ya masizi akiita, wanawake wakimfuata na samaki mikononi, hadi lango la mgodi.

"Mama, nyamaza," mlinzi alimwambia. "Hapa si sokoni."

"Ninyamaze, kwani nimefiwa?" Akaita tena, mpaka koo likamwasha.

Baada ya saa nzima behewa la kwanza la wachimbaji likapanda kutoka shimoni. Mume wa Orie akashuka akichechemea. Katika la pili, kati ya nyuso zote nyeusi, mmoja alisonya.

"Dada, unaniaibisha," alisema Kisaku. "Kelele zako zinasikika mpaka chini kwenye makaa."

Shigeno alitaka kumshika, amfute uso, amkaripie. Lakini mke mmoja kijana wa safu ya tano alikuwa bado amekumbatia kibua chake akikodolea shimo, na kwa hesabu ya mlinzi walipungua wawili.

Akamsogeza mdogo wake kando, akakaza kamba za kikapu kitupu mabegani.

"Vibua! Vibua vya leo!"